Jiwe la Mugere na Panya wa Anacostia

Ukitoka Bujumbura kwenda kusini, kama kilomita 12 hivi, unafika Mugere. Hapo kuna jiwe kubwa lililochongwa majina mawili, Livingstone na Stanley, pamoja na tarehe: 25-XI-1871. Ukiendelea na barabara hiyohiyo ya kando ya ziwa, zaidi ya kilomita 60 mbele, unaingia Rumonge, mji wa mawese, wa mukeke na ndagala, mji wa misikiti na Kiswahili. Watu wa Rumonge hawamo kwenye jiwe lile. Lakini mgeni akija pwani hii kutafuta historia, jiwe ndilo anapelekwa kupigia picha.

Mimi nalihukumu jiwe hili kama ninavyohukumu kitabu, na nasema ni kazi mbovu. Hili linatuhusu sisi wa kambini, maana kila kikija kikao cha utamaduni tunaulizwa tuhifadhi nini. Tukijibu ovyo tutachonga jiwe jingine kama lile.

Tuanze na kinachosemwa. Wengi wanadhani Mugere ndipo wale wazungu wawili walipokutana. Hapana. Walikutana Ujiji, ng'ambo hii ya ziwa. Mugere walilala siku mbili tu, wakiwa njiani kwenda kuangalia kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Unaingia. Mvuvi wa pale asingehitaji safari kulijua hilo.

Halafu tuone kisichosemwa. Stanley mwenyewe, katika kitabu chake cha 1872, anaeleza mtumbwi waliosafiri nao, mtumbwi uliochongwa kwa mti wa mvule. Ndani yake walikuwemo wapiga kasia kumi na sita, Wajiji wawili wa kuonyesha njia, mkalimani Selim na mpishi Ferajji. Sasa hesabu mwenyewe: watu ishirini waliofanya kazi, abiria wawili. Jiwe limewaandika abiria, likawaacha wenye kasia. Hata mgeni alimkumbuka mpishi wake kwa jina. Jiwe halikumkumbuka.

Burundi ina makumbusho mengine, sikatai. Ile ya Gitega, ya tangu 1955, inatunza ngoma na vyombo vya ufalme, na kazi hiyo ni ya maana. Bujumbura kuna ile inayoitwa Musée Vivant, ya mwaka 1977, yenye nyumba ya kienyeji, nyoka na mamba. Sina ugomvi na mamba. Ila mamba yumo mle kwa sababu anapendeza kutazamwa, na hapo ndipo nataka kuwapeleka mbali kidogo, mpaka Washington, Marekani, kwa watu waliowahi kuleta panya kwenye makumbusho.

Mwaka 1967, taasisi kubwa ya Smithsonian ilifungua makumbusho madogo katika mtaa wa Anacostia, mtaa wa Wamarekani weusi, ndani ya jumba la zamani la sinema. Wakubwa walikuwa na wazo la kawaida: wale wasiofika kwenye makumbusho makubwa wapelekewe vitu mtaani. Aliyepewa kuongoza alikuwa John Kinard, kijana wa kazi za jamii aliyekuwa amewahi kujitolea Afrika, Tanganyika ikiwemo. Yeye na majirani waliligeuza wazo lile. Badala ya kungoja vitu vya kuletewa, waliuliza: hapa mtaani watu wanasumbuliwa na nini? Jibu lilikuwa panya. Panya waliokuwa wanaingia ndani ya nyumba za watu. Basi mwaka 1969 wakafungua maonyesho yaliyoitwa, kwa Kiswahili chetu, “Panya: Balaa Aliyoialika Binadamu”. Panya hai waliwekwa humo, na habari zao zote: wanatoka wapi, wanaleta magonjwa gani, wanafuata uchafu upi. Wataalamu wengi waliona hayo si mambo ya makumbusho. Lakini kwa mtu wa Anacostia, hiyo ilikuwa mara ya kwanza maisha yake kuchukuliwa kuwa elimu. Makumbusho yale yapo mpaka leo, na yameonyesha pia utumwa, safari za Weusi, dini zao, nyimbo zao. Lakini heshima waliipata kwa panya.

Mimi ndicho kipimo ninachotumia: makumbusho ya jamii yaanze na kinachowauma wenyeji. Tukipime Rumonge.

Waswahili wa pwani ile wana asili ngumu kuielezea. Karne ya 19 wafanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Ujiji, akiwemo Muhammad bin Khalfan aliyeitwa Rumaliza, walitaka kuishika pwani ya kaskazini kwa bunduki. Wengi wanaoitwa Wamanyema walitoka ng'ambo ya Kongo; wengine walikuja kama mateka, wengine kama wafuasi na askari wa hao hao mabwana. Wamarekani weusi, wakisimulia utumwa, wanajua kwa sehemu kubwa nani alikuwa bwana na nani alifungwa. Kwetu mteka na mateka wanaweza kuwa babu wawili wa mtoto mmoja. Ndiyo maana nyumbani hatuongei. Eti “sisi ni Waislamu, tumetoka pwani,” basi, mazungumzo yamekwisha. Makumbusho ya kweli Rumonge yangelazimika kufungua mdomo hapo.

Lakini huo bado si panya wetu. Panya wa Rumonge ni ardhi.

Mwezi wa nne 1972 mauaji yalianzia huko kusini, Rumonge na Nyanza-Lac, kisha yakaenea nchi nzima. Maelfu kwa maelfu walivuka ziwa. Michikichi yao ikabaki, na watu wengine wakapewa mashamba au wakayakalia. Miaka ikapita, waliozaliwa juu ya shamba hilo wakalihesabu la kwao. Wakimbizi waliporudi, wakakuta moshi wa jikoni la mtu mwingine. Tume ya ardhi, CNTB, iliundwa 2006 kwa ajili ya kesi za namna hiyo. Na wapo wazee waliokimbia 1972, wakarudi, wakakimbia tena 2015. Mzee kama huyo anakumbuka mti gani ulikuwa mpaka, nani alikuwa jirani, kisima kilikuwa upande upi. Kumbukumbu hiyo haipo kwenye karatasi. Akifa kambini, imekwenda naye, na mjukuu atafika Rumonge akiwa na jina la kijiji tu.

Najua nitajibiwa: kaka, hayo ni mambo ya kuchochea. Hofu hiyo ina haki yake; watu wamekufa kwa maneno machache kuliko haya. Lakini sisemi makumbusho yaamue shamba ni la nani. Panya wa Anacostia hawakumhukumu jirani yeyote. Walionyesha tatizo lilivyoingia, hatua kwa hatua, mpaka kila mmoja akaona mahali pake. Na sisi tuanze na vitu ambavyo pande zote mbili zimevishika: chombo cha kukamulia mawese, wavu, kasia, mche wa mpaka. Kando ya kila kitu ziwekwe sauti mbili, ya aliyeondoka na ya aliyebaki, kila moja kwa lugha yake.

Kwa ndugu zetu wa mashirika: mkija na mradi wa utamaduni, msituombe ngoma tu. Ngoma tunazipenda, tutazipiga. Ila leteni pia kinasa sauti na mtu mwenye subira, na faili ibaki kwetu, isiishie kwenye ripoti. Kwa wenzangu: mwulizeni mzee jina la mpishi, jina la mpiga kasia, jina la jirani wa upande wa pili wa mpaka. Mfanye hivyo kabla ya msafara wa kurudi haujapangwa, maana siku ya kupanda basi hakuna atakayekaa chini kusimulia.