Barua Pepe Haihitaji Sanduku la Posta

Kijana aliyemaliza kidato cha nne kule Maua akitaka kuomba kazi Nairobi siku hizi, hatafuti bahasha wala stempu. Anafungua simu. Lakini juu kabisa ya barua pepe yake ya Kiingereza, upande wa kulia, utakuta ameandika P.O. Box, nambari ya sanduku, kisha 60600, Maua, na chini yake tarehe, kama alivyozoea kufanya kwenye barua rasmi ya karatasi. Si uvivu huo. Amenakili kwa uaminifu mfano aliowekewa kitabuni, na mtu aliyepaswa kuusimamisha mfano huo njiani ni mhariri.

Mhariri wa miongozo ya kujifunza Kiingereza anastahili sifa nyingi kuliko anazopewa, hasa anaposhika sura inayofundisha mawasiliano ya mtandaoni. Msomaji wa riwaya anaweza kubishana na mwandishi. Mwanafunzi wa lugha hana uwezo huo, kwa sababu kitabu ndicho kinachomwambia lugha yenyewe ni ipi. Akiiona koma mahali pasipofaa, ataiweka hapo hapo kwa miaka mingi ijayo, na atawafundisha wadogo zake waiweke.

Nchini Kenya jambo hili lina uzito wa mtihani. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika KCSE, mtihani wa kidato cha nne, ina alama 60, na 20 kati yake ni za uandishi wa kiuamilifu, ambako barua pepe inaweza kuulizwa sambamba na ripoti, kumbukumbu za mkutano au barua rasmi. Kitabu cha kiada hakiingii darasani hadi kikaguliwe na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ambayo sheria ya 2013 iliiweka mahali pa ile Taasisi ya Elimu ya zamani. Ila ukaguzi huo unakuja mwishoni. Kabla yake pana mtu mmoja mezani, na muswada wenye sentensi elfu kadhaa.

Chukua kitu kidogo kama nambari ya simu. Mwandishi anataka mfano wa ujumbe wenye mawasiliano ya mwombaji, basi anabuni: 0722, kisha tarakimu sita zilizomjia kichwani. Nambari hiyo huenda ina mwenyewe. Huenda ni mama anayeuza ndizi soko la Embu, na kitabu kikishachapishwa kwa maelfu ya nakala, watoto wataanza kumpigia waone kama atapokea. Marekani, nambari za 555 kuanzia 0100 hadi 0199 zimetengwa kwa hadithi za kubuni. Uingereza nako mamlaka ya mawasiliano imetenga nambari za michezo ya redio na televisheni. Mhariri wa Kenya hufanya jambo la wazi zaidi: anafunika tarakimu kwa herufi X. Kwa anwani ya barua pepe, hutumia example.com, jina ambalo wasimamizi wa kanuni za intaneti walilitenga mwaka 1999 kwa ajili ya mifano tu, lisiwe mali ya mtu yeyote. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, uangalifu huu umepata nguvu ya kisheria pia, hasa mwandishi anapoleta picha ya mazungumzo halisi ya WhatsApp yenye majina na sura za watu.

Kisha kuna umri wa kitabu. Mwongozo wa Kiingereza unaweza kukaa rafuni katika maktaba ya shule miaka kumi, ilhali majukwaa ya mtandaoni hayangoji. Yahoo Messenger ilifungwa 2018. Twitter ilibadilishwa jina kuwa X mwaka 2023. Skype, ambayo miongozo mingi iliitaja kama ndiyo njia ya kuzungumza na ndugu walio ng'ambo, ilizimwa Mei 2025. Mhariri mwenye kuona mbali huuliza: somo hili linafundisha kubonyeza kitufe cha kampuni fulani, au linafundisha namna ya kuandika mada ya ujumbe ili mpokeaji ajue anachoombwa kabla ya kuufungua? La pili halichakai.

Pagumu kabisa ni adabu.

Kilomita chache kutoka mjini Meru, barabara ya kwenda Maua, pako Nchiru. Hapo ndipo yalipo makao ya jadi ya Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee wa Ameru, na katika Nchiru hiyo hiyo kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Mwanafunzi aliyelelewa katika mila inayotaka kijana amwamkue mzee kabla ya kumweleza shida yake anafika chuoni, anatakiwa kumwandikia mhadhiri barua pepe kwa Kiingereza. Miongozo kutoka nje humwambia aende moja kwa moja kwenye jambo, na wakati mwingine amwite msomaji kwa jina la kwanza. Kwake huo ni ufidhuli. Akiachwa bila mwongozo, ataandika aya nzima ya salamu na dua, na ombi lenyewe litazama chini, mahali ambapo mhadhiri mwenye haraka hatafika.

Mhariri mzuri hachagui upande mmoja na kuukana mwingine. Anaacha salamu, ila anaionyesha ikitosha katika sentensi moja. Cheo na jina la ukoo vinabaki. Ombi linafuata papo hapo, pamoja na nambari ya usajili na jina la somo. Kwa njia hiyo mwanafunzi anajifunza Kiingereza kinachoeleweka Nairobi na London bila kulazimishwa kuona malezi ya nyumbani kwao kama kosa la kisarufi. Hapa ndipo uhariri unapoonekana kuwa kazi ya kuwajua watu, si kujua kanuni tu.

Uamuzi wa namna hiyo unajirudia kwenye vikundi vya simu. Kamati ya mazishi Runyenjes huandika Kiingereza kwa sababu baadhi ya wachangaji wako Marekani. Mwekahazina wa makamo anatuma hesabu yote kwa herufi kubwa, si kwa hasira, bali ili aone vizuri, na mpwa wake aliye ng'ambo anadhani anafokewa. Sentensi mbili zilizopangwa vyema kitabuni, zikieleza kwamba wasomaji wengi mtandaoni huchukua herufi kubwa kama kupiga kelele, zinaweza kuzuia ugomvi wa ukoo.

Lugha ya vijana nayo isifukuzwe ovyo. Ireri Mbaabu na Kipande Nzuga walipotoa kamusi ya Sheng na Kiingereza mwaka 2003, waliipa heshima ya kurekodiwa lugha iliyokuwa ikibezwa. Mhariri aliyeuelewa mfano huo hataandika kuwa vifupisho vya vijana ni uchafu. Ataweka ujumbe kwa rafiki karibu na ujumbe kwa meneja wa kiwanda cha chai, jambo likiwa ni lile lile, ili tofauti ijieleze.

Na asisahau matapeli. M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, ilianza Machi 2007, na ujumbe bandia wa Kiingereza unaodai kuwa pesa zimeingia umewasumbua wengi. Zoezi la ufahamu linaloweka ujumbe wa kweli na wa uongo sambamba, likimtaka mwanafunzi aangalie jina la mtumaji na salio, linafundisha usomaji makini kuliko makala yoyote kuhusu twiga.

Majina nayo yana kazi. Kawira na Mwenda wakiwa ndio waombaji kazi, Njeru na Wanja wakiwa ndio mameneja, mtoto wa Tigania au Manyatta anajiona pande zote mbili za barua.

Mwisho ni kitabu cha mwalimu, kurasa za majibu ambazo waandishi wengi huzimaliza usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi. Mhariri huzisoma polepole kuliko zote. Swali linauliza namna ya kufunga barua pepe kwa afisa wa kaunti, na ufunguo unakubali jibu moja: "Yours faithfully". Lakini "Yours sincerely" ni sahihi kabisa ikiwa barua ilianza kwa jina la afisa, na "Kind regards" hutumika kila siku maofisini. Basi anaongeza mstari mmoja unaoyaruhusu majibu hayo na kueleza lini. Mwalimu wa Siakago mwenye madaftari hamsini mezani atausoma mstari huo, na mtoto aliyekuwa akatiwe alama kwa kusema kweli atapata tiki yake.