Malkia kwenye b2: hesabu iliyomponza Bernstein

Wapenzi wa sataranji huukumbuka mchezo wa maonyesho kati ya Ossip Bernstein na José Raúl Capablanca, Moscow, 1914, kwa hatua yake ya mwisho. Hatua ya 29, Weusi wanamweka malkia b2, mahali ambapo malkia mweupe anaweza kumla bure, na mchezo unakwisha. Ni hatua nzuri, hakuna ubishi. Lakini kwangu mimi kazi ilifanyika kwenye hatua ya 26, pale ngome nyeusi iliporudi c5 kana kwamba inakimbia tu.

Tazama hali ilivyokuwa. Askari mweusi amefika c3 na amekwama. Anawindwa na kete tatu: farasi wa b5 na ngome mbili zilizopangana c2 na c1. Wanaomlinda ni wawili, farasi wa d5 na ngome hiyo ya c5. Tatu kwa mbili. Yeyote anayejua kuhesabu atakwambia askari huyo analiwa. Bernstein, mwanasheria na mchezaji hodari, alihesabu, akala. Wakalana farasi kwa farasi, ngome kwa ngome, na walipomaliza Weupe walikuwa mbele kwa askari mmoja. Hesabu ilikuwa sahihi. Kasoro ilikuwa mahali: kila kete nyeupe iliyokula ilikula c3, na ngome iliyokuwa ikilinda mstari wa kwanza nayo ikavutwa hadi huko. Mfalme akabaki g1 nyuma ya askari wa f2, g2 na h2 ambao hawajasogea hata kidogo, kama mtu aliyelala kwenye chumba chenye mlango mmoja, na bawabu pekee aliyesalia ni malkia wa e2.

Ndipo malkia mweusi akashuka kutoka b6 hadi b2. Hali kete, hatoi shaha. Anawashika wawili kwa pamoja: ngome ya c3 isiyo na mlinzi, na malkia wa e2. Akiliwa, ngome ya d8 inateremka d1, mati. Malkia mweupe akirudi e1, ambako analinda mstari na ngome pia, malkia mweusi anaila ngome ya c3 na kujitoa tena, maana atakayemla atakuwa ameuacha mstari. Ngome ikikimbilia c2, malkia anaingia b1 kwa shaha, malkia mweupe anakinga f1, ngome inaliwa.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba mfalme mweusi naye alikuwa amefungiwa vilevile, g8, nyuma ya askari wa f7, g7 na h7. Kwa hiyo mfuatano wa hatua ulikuwa na uzito zaidi kuliko wazo lenyewe. Wazo la kumtoa malkia kwa ajili ya mstari wa mwisho hata mwanafunzi analo. Anza na shaha ya b1: malkia mweupe anakinga f1, na Weusi wakiharakisha kuteremsha ngome d1, ngome nyeupe inapanda c8 na wanaokufa ni wao. Mtego huo upo hata malkia akishafika b2. Weupe wakimsogeza malkia wao d3, mbele ya ngome ya d8, mwenye pupa atamla. Shaha c8, ngome irudi d8 kukinga, iliwe, mati. Jibu ni malkia a1, shaha. Malkia mweupe akirudi f1, ndipo ngome ya c3 iliwe.

Bernstein hakusubiri kuoneshwa lolote kati ya haya. Alikubali kushindwa papo hapo, akiwa bado mbele kwa askari mmoja.