Chema Hakijiuzi: Ufundi wa Kupendekeza

Kupendekeza wimbo, kitabu, filamu au mahali pa kutembelea ni ufundi wa kukifikisha kipenzi cha mtu mmoja kwa mwingine anayeweza kukipenda. Wengi hawauhesabu kuwa ufundi, kwa kuwa kila mtu ana vipenzi vyake na kila mtu ana mdomo wa kuvitaja. Methali nayo inasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sokoni huenda ikawa hivyo, maana mnunuzi huliona embe, akalinusa na kulibonyeza. Riwaya hainuswi. Hukaa rafuni imefungwa, na asiyeisoma hana njia ya kujua kilichomo. Kazi za sanaa, hata zilizo bora, huhitaji mtu wa kuzitembeza.

Ufundi huu una sehemu tatu. Ya kwanza ni kumjua anayepewa: umri wake, subira yake, nafasi aliyo nayo na mambo yanayomchosha. Ya pili ni kutoa sababu. Kusema "nzuri sana" si sababu, kwa maana hakumwambii mtu uzuri huo uko wapi. Ya tatu ni kuonyesha mlango, yaani mahali pa kuanzia. Orodha ya vipenzi kumi isiyo na haya matatu humtambulisha aliyeiandika, lakini aisomaye hubaki pale pale alipokuwa.

Katika muziki, watu wa Afrika Mashariki wameufanya ufundi huu hadharani kwa muda mrefu. Kwenye taarab, msikilizaji akiguswa na ubeti huinuka, akaenda kwa madaha mpaka mbele, akamtunza mwimbaji. Fedha ile ni sifa kwa mwimbaji, na papo hapo ni kauli ya mtoaji: maneno haya ni yangu, na niliyemkusudia anajijua. Redio ikaja na mtindo wake. Katika vipindi vya salamu, msikilizaji aliandika kadi yenye jina lake, majina ya anaowasalimu na wimbo autakao, kisha mtangazaji akavisoma vyote hewani. Wimbo ulioombwa kwa ajili ya shangazi mmoja ukasikilizwa na wengi wasiotajwa, na baadhi yao wakautafuta kwa sababu hiyo.

Kumpendekezea mgeni taarab asilia kunataka uangalifu zaidi. Aliyezoea nyimbo za dakika tatu huchoka mapema asipoelezwa kwamba hafla ya kikundi cha jadi hufunguliwa kwa bashrafu, kipande cha ala tupu, na kwamba hata wimbo wenye maneno huanza kwa ala kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Akiambiwa asikilize fidla zinavyomjibu mwimbaji, kungoja kwenyewe huwa sehemu ya starehe. Mfano mgumu ni Siti binti Saad wa Unguja, aliyerekodi santuri zake za kwanza Mumbai mwaka 1928. Anayezisifu rekodi hizo bila kutaja mikwaruzo ya mitambo ya wakati ule humwandalia mwenzake tamauko. Njia nyepesi ni kuanza na Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013. Yeye aliziimba nyimbo nyingi za Siti, na sauti yake ilirekodiwa kwa vyombo vya kisasa. Sikio likishazizoea nyimbo hizo, linaweza kurudi nyuma mpaka kwa Siti mwenyewe na lisishindwe na mikwaruzo.

Pendekezo kubwa kuliko yote aliyowahi kufanyiwa Siti liliandikwa na Shaaban Robert. Wasifu wake wa mwimbaji huyo hautosheki na kusema kwamba sauti ilikuwa tamu. Unamfuata msichana wa Fumba aliyezaliwa katika ufukara mpaka anakuwa mwimbaji anayeitwa katika majumba ya wakubwa, pamoja na dharau alizokutana nazo njiani. Msomaji ambaye hajapata kusikia hata santuri moja hufunga kitabu akijua kwa nini sauti ile ilikuwa na uzito. Huko ndiko kutoa sababu kulikokamilika.

Katika vitabu, kosa la kawaida ni kupima ugumu kwa unene. Nagona na Mzingile za Euphrase Kezilahabi ni vitabu vyembamba, lakini vimejaa mafumbo ya kifalsafa, na msomaji asiyetayarishwa anaweza kuviweka chini mapema akaamini kwamba mwandishi huyo si wa saizi yake. Msomaji huyo huyo akipewa kwanza Rosa Mistika, ya mwaka 1971, hukutana na binti wa Ukerewe na baba anayembana kupita kiasi, akaisoma bila kusukumwa. Kijana anayeona kusoma ni adhabu anaweza kuanza na Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyotoka mwaka 1960, ambamo Bwana Msa anafumbua kitendawili cha maiti iliyokutwa penye mzimu. Kwa riwaya ya aina hiyo mpendekezaji ana wajibu mmoja juu ya mingine: asimulie mwanzo tu, auache mwisho kwa mwenyewe.

Filamu huchukua muda mfupi kuliko riwaya, kwa hiyo watu huzipendekeza kwa wepesi zaidi, na huachana nazo kwa wepesi pia. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, inafaa kuwa kipimo cha ufundi huu. Imetokana na riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999 yenye jina hilo hilo, na inasimulia Zanzibar ya miaka ya 1950, ambako Yasmin anamkimbia mume aliyemzidi sana umri, kisha njia yake inakutana na ya Denge, kijana anayepambana na utawala wa Waingereza. Mwaka 2022 ilipata tuzo ya juu, Tanit ya Dhahabu, katika tamasha la Carthage nchini Tunisia. Tuzo hiyo, hata hivyo, haimwambii mtazamaji kwamba filamu inakwenda taratibu na kwamba mengi yamo katika nyuso na mwanga kuliko katika maneno. Mwenye hamu ya mapigano atachoka, na aambiwe mapema. Aliyeisoma riwaya naye aambiwe asitarajie kuikuta yote kwenye filamu. Kwa atakayeipenda, mlango mmoja umekwisha kufungua mingine: riwaya, taarab inayosikika ndani yake, na mji wenyewe.

Mahali ni pagumu kupendekeza kuliko vyote, kwa sababu wimbo ni ule ule asubuhi na jioni, ilhali mahali hubadilika kwa saa na kwa msimu. Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, hauwi sawa wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, na wakati wa kiangazi. Msomaji wa Adam Shafi asielekezwe kwenye milango ya nakshi peke yake. Avuke mpaka Ng'ambo, upande uliotengwa zamani na hori ambalo baadaye lilifukiwa, kwani huko ndiko yalikokuwa makazi ya watu wa kawaida wa mji huo. Kilwa Kisiwani nako, alikopita msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, hakupendekezwi kwa jina tu. Mgeni huchukua kibali Kilwa Masoko kisha akavuka kwa chombo, na ndani ya magofu ya msikiti mkuu na ya jumba la Husuni Kubwa hufaidi zaidi akiwa na mwongozaji. Maelezo ya namna hiyo huonekana madogo, lakini ndiyo yanayoamua kama safari itamkaa mtu moyoni au itamchosha.

Ufundi huu una mipaka yake. Kipendacho roho hula nyama mbichi, na hakuna hoja inayoweza kumlazimisha mtu apende. Mpendekezaji mwaminifu hutaja kasoro pamoja na uzuri, hutofautisha kazi iliyo bora na ile aipendayo kwa sababu ya kumbukumbu zake binafsi, na hanuni anapokataliwa. Apokeaye naye ana deni: kurudisha jibu, hata likiwa la kukataa. Jibu la "sikuipenda, ilinichosha katikati" humfundisha mpendekezaji zaidi ya shukrani za adabu, kwa maana linamwonyesha mwenzake ni mtu wa namna gani. Mapendekezo yanayofuata hulenga vizuri zaidi, na kazi ambazo zingebaki rafuni hupata wasomaji, wasikilizaji na watazamaji wapya.