Mercedes Isiyokubali Kuzima

Mercedes za dizeli za toleo la W123, zilizotengenezwa tangu 1976 hadi katikati ya miaka ya 1980, zina ugonjwa mmoja unaomtisha mtu aliyenunua moja juzi. Anazima swichi, anachomoa ufunguo, anautia mfukoni, na injini inaendelea kunguruma vilevile. Inambidi afungue boneti, atafute kile kiwiko chekundu kilichoandikwa STOP, akibane kwa mkono mpaka injini inyamaze.

"Papa, motokari inakataa kuzima," atamwambia fundi kesho yake. Jibu la haraka ni kununua: swichi mpya, au hata pampu nzima ya dizeli.

Mjini Uvira, mashariki mwa Kongo, jibu la haraka ndilo la ghali kuliko yote. Kipuri cha gari kama hili hutafutwa kwanza Bujumbura, ng'ambo ya mpaka wa Kavimvira na Gatumba. Kisipopatikana huko huagizwa Dar es Salaam au Dubai, na njiani hubadili mikono mara nyingi, na kila mkono unataka chake. Mkate hununuliwa kwa faranga. Kipuri hulipwa kwa dola. Mpaka ukifungwa, kama ulivyokwisha kufungwa kwa maradhi na kwa vita, mzigo unangoja upande wa pili. Kikifika nacho ukakuta sicho, unaanza upya na fedha hairudi.

Ndiyo maana fundi ninayemstahi kuliko wote katika kazi hii ni yule anayeweza kukaa asubuhi nzima na gari bila kufungua hata boliti moja. Anatafuta. Na W123 ni gari linalomlipa anayetafuta.

Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Mafuta huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa, kwa hiyo kuzima umeme hakuizimi. Wahandisi wa Mercedes waliamua kuizima kwa nguvu ya kufyonza. Mbele ya injini kuna pampu ndogo inayofyonza hewa katika mirija myembamba ya plastiki. Ukizima swichi, mfyonzo huo unapelekwa kwenye pampu ya dizeli, unavuta kiungo kinachokata mafuta, na injini inalala. Lakini mfyonzo huohuo husaidia breki, na huohuo hufunga milango yote kwa mkupuo mmoja pamoja na buti na kifuniko cha tangi. Fahari nzima ya gari imefungwa kwenye pumzi moja. Kiwambo cha mpira kikipasuka ndani ya mlango wa nyuma, mahali pasipoonekana, huenda injini ndiyo ikakataa kuzima.

Fundi anayejua hilo hagusi swichi wala pampu. Anachomoa mrija mmoja, anauziba kwa kijiti, anawasha gari, anazima, anatazama. Anarudisha, anakwenda kwenye mrija wa pili. Akishajua tawi linalovuja, analifuata mlango kwa mlango. Kama hana kipimo, anatia ncha ya mrija kinywani, anafyonza, kisha anaziba kwa ulimi na kungoja. Ulimi ukibaki umenaswa, kiwambo ni kizima. Ukiachia, ugonjwa umepatikana, na mara nyingi dawa yake ni kipande cha mpira chenye upana wa kiganja. Hata kisipopatikana wiki hiyo, tawi la milango linazibwa: mwenye gari atafunga milango kwa mkono, na injini itatii ufunguo. Hakuna dola iliyovuka mpaka.

Enzi za Mobutu, Mercedes ilikuwa gari la ukubwa nchini Zaire, kama ilivyokuwa Nairobi na Dar es Salaam kwa wale walioitwa Wabenzi. Wakubwa hawakujua bei ya kiwambo. Anayeimiliki leo hulipa kila boliti mwenyewe, na watu husema gari kuukuu la fahari hufilisi. Nionavyo mimi, kubahatisha ndiko kunakofilisi.

Chukua tatizo la kuwasha gari asubuhi. Gari haliwaki mpaka lisukumwe; mwenyewe ananunua betri, kisha plagi za kupashia joto, kisha nozeli. Kumbe vali hazijapimwa kwa miaka. Katika injini ya 300D yenye silinda 5, kila vali inatakiwa kuachiwa nafasi injini ikiwa baridi: 0.10 mm kwa vali ya kuingiza hewa, 0.30 mm kwa ya kutolea moshi. Vali zikizidi kukaa ndani ya viti vyake, nafasi hiyo hupungua hadi vali ishindwe kufunga sawasawa, hewa isibanike, na moto usipatikane. Kuzirekebisha kunataka spana za milimita 14, vibati vyembamba vya kupimia, na utulivu wa kurudia kipimo kilekile kwenye vali 10. Kibati kipite kwa kukwaruza kidogo tu. Kikipita kwa ulaini, bado, kikikwama, umezidisha. Mkono hujifunza mkwaruzo huo kwa miaka.

Magari ya fahari ya baadaye yana mitego yao. Mercedes S-Class ya W220, au Range Rover nyingi, hukaa juu ya mifuko ya hewa badala ya springi za chuma. Mpira ukizeeka hupata nyufa ndogo, pampu ya hewa inafanya kazi bila kupumzika hadi inaungua, na mwenye gari ananunua pampu mpya ambayo nayo itaungua. Fundi makini huja na brashi na maji ya sabuni, anapaka mfuko, anangoja povu. Kisha anasema wazi: kwa barabara ya kwenda Baraka, au kwa mpando wa Ngomo kuelekea Bukavu, weka springi za chuma, usahau ule ulaini. Kumwambia mtu aiache sehemu ya fahari aliyoinunua kunahitaji ujasiri, na huo nao ni ufundi.

Na maji ya mto na ziwa yana yake. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika na kuua watu mjini Uvira, na miaka iliyofuata maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda hadi bandarini Kalundu na mitaani. Gari likipita majini, difu iliyopata moto hupoa ghafla, hewa iliyo ndani husinyaa, na maji hufyonzwa kupitia sili. Oili hugeuka rangi ya maziwa na kuanza kuyala meno ya gia. Tazama fundi anavyoishughulikia: anafungua kwanza tundu la kujazia, kabla ya lile la kumwagia. Akimwaga kwanza kisha la juu likakataa kufunguka, atabaki na gari lisiloweza kwenda popote. Halafu analegeza la chini kidogo tu, kwa kuwa maji ni mazito kuliko oili na hutoka mbele. Akiona maji, anajua kazi haiishi kwa kubadilisha oili.

Si kila kipuri hununuliwa: gasketi ya pampu ya maji fundi ataikata mwenyewe kwa karatasi ngumu, akiigongagonga kwa nyundo ndogo kufuata kingo za chuma. Bushi ataipeleka ikakerezwe. Ila mipira ya breki hachongi. Huko anataka kipuri halisi hata kama gari litalala mwezi mzima, kwani Ngomo hupandwa na pia huteremkwa.

Ukiwa na gari la namna hii, mlipe fundi kwa saa za kutafuta ugonjwa, hata siku asipobadilisha kitu. Na mwambie ukweli kuhusu fedha uliyo nayo kabla hajafungua boneti.