Jitu Lile au Jitu Yule? Hilary Mantel na Mifupa ya Charles Byrne

Watu wakimtaja Hilary Mantel wanataja Wolf Hall na Booker zake mbili, basi, mazungumzo yameisha. Mimi nimekwama kwenye riwaya yake fupi ya 1998, The Giant, O'Brien, na nimekwama kwa sababu ya kijinga kidogo: sijui kichwa chake ningekiandikaje kwa Kiswahili.

Jitu O'Brien? Sawa, lakini ukishasema jitu umeshamhamisha mtu ngeli. Mtu anakuja, jitu linakuja. Mtu amelala, jitu limelala. Herufi mbili tu, na binadamu amehamia kwa mawe, magari na mazimwi. "Pandikizi la mtu" ni afadhali, angalau mtu bado yumo humo ndani, ila naye kaingilia mlango wa nyuma. Nilidhani hilo ni tatizo la mfasiri peke yake. Kisha nikaanza kusoma habari za mtu halisi aliyeko nyuma ya riwaya, na za makumbusho yaliyomweka kwenye kabati la kioo kwa zaidi ya miaka 200, nikaona kwamba kesi nzima ni ya ngeli.

Aliitwa Charles Byrne. Alizaliwa 1761 kaskazini mwa Ireland, akarefuka mpaka akapita wote. Kiunzi chake cha mifupa kina urefu wa takriban mita 2.3. Mwaka 1782 alifika London kujionyesha kwa kiingilio, na magazeti yakamshangilia. Mwaka uliofuata alikufa, mgonjwa na mlevi, baada ya kuibiwa akiba yake. Alikuwa na miaka 22. Alijua wapasuaji wanamsubiri, kwa hiyo aliwaomba rafiki zake wamtie kwenye jeneza la madini ya risasi na kumzamisha baharini, mahali ambapo hakuna kisu kingemfikia. Inasimuliwa kwamba jeneza lilizamishwa kweli, lakini likiwa na mawe. Mwili ulikuwa umeshauzwa njiani.

Mnunuzi alikuwa John Hunter, Mskoti, daktari mpasuaji aliyekuwa na jina kubwa kuliko wote London wakati ule. Hapa lazima nimtendee haki, maana ni rahisi sana kumfanya mchawi. Hunter hakusoma sana shuleni na hakuviamini vitabu. Aliamini kufungua na kuangalia. Kwa mkusanyiko wake wa vitu karibu 14,000 alitaka kuonyesha jinsi uhai unavyojijenga: mifupa, viungo vya binadamu na wanyama ndani ya chupa za spiriti, vijusi, mimea, watoto waliozaliwa na maumbile yasiyo ya kawaida. Nyumba yake ya Leicester Square ilikuwa na sura mbili. Mbele waliingia wageni wa mkewe Anne, mshairi ambaye maneno yake yalitiwa muziki na Haydn. Nyuma, kwenye uchochoro, ziliingia maiti. Katikati palikuwa na makumbusho. Ukitaka kuijua karne ya 18 ya Uingereza kwa haraka, nakushauri uitazame ramani ya nyumba hiyo.

Hunter alikufa 1793. Serikali ilinunua mkusanyiko wake mwaka 1799 kwa pauni 15,000 na kuukabidhi kwa chama cha wapasuaji, ambacho mwaka uliofuata kilipata hadhi ya chuo cha kifalme. Ndipo yalipotokea makumbusho ya Hunterian, ambayo mpaka leo yako Lincoln's Inn Fields. Kuna kipande cha historia hii ambacho sioni kikipewa uzito wake, na kwangu ndicho kinachonikereketa zaidi. Hunter aliacha pia maandishi, marundo ya maandishi. Shemeji yake, Everard Home, aliyachukua, akayatumia kuandika makala kwa jina lake mwenyewe, na mwaka 1823 akayachoma moto. Tunayoyasoma leo yamepona zaidi kwa sababu msaidizi kijana, William Clift, alikuwa ameyanakili kwa mkono wakati akiulinda mkusanyiko. Mwaka 1941 bomu la Wajerumani likaangukia jengo na kuangamiza sehemu kubwa ya vitu. Kiunzi cha Byrne kilipona.

Yaani maneno ya mwenye makumbusho yaliungua, mifupa ya mtu asiyetaka kuwemo ikasalia. Na maneno ya Byrne mwenyewe? Tunalo ombi lake la kuzikwa baharini, na hata hilo tumelipata kwa kusimuliwa na wengine.

Mantel anaingilia kwenye pengo hilo. Jitu wake (naam, nimeandika "wake", msinikamate bado) ni msimuliaji wa ngano. Anaondoka Ireland ya njaa na wenzake wachache pamoja na wakala wa kumtangaza, na kila jioni wenzake wanamtaka awape hadithi. Wanamkatiza, wanabishia mwisho, wanadai nyingine. Aliyekulia kwenye paukwa na pakawa ataijua hali hiyo mara moja: hadithi si ya msimuliaji peke yake, wasikilizaji nao wana mkono wao. Upande wa pili yuko Hunter, ambaye Mantel amemnyima kipaji hicho kabisa. Ana udadisi, ana hasira, ana umaskini wa utotoni unaomfukuza, lakini sentensi zake ni fupi na kavu kama orodha ya vifaa. Sura zinapokezana kati yao. Mmoja anapoteza mwili ila ana maneno, mwingine anakusanya miili ila hana la kuiambia.

Uzuri wa riwaya ni kwamba Mantel hamwachi Hunter abebe lawama zote. Wanaomuuza Jitu ni wenzake, wale wale waliokaa miguuni pake wakisikiliza. Wazee walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Huku ni kinyume. Waliomjua ndio waliommaliza, na Mantel anatuonyesha jinsi inavyotokea bila kelele: kodi ya chumba, pombe, baridi, mmoja anatania kuhusu bei, mwingine hacheki. Kurasa zile nimezirudia mara tatu. Hakuna shetani ndani yake, kuna watu wenye njaa wanaopiga hesabu.

Kinachonisumbua ni kitu kingine. Byrne halisi alikuwa kijana wa miaka 22 ambaye, kwa tunavyojua, hakuacha ngano hata moja. Jitu wa Mantel anaongea kama mzee aliyebeba Ireland nzima kifuani: lugha yake, wafalme wake, kufa kwake. Ni fahari kumsikiliza, lakini kijana yuko wapi? Ujinga wa ujana, tamaa ya kwenda mjini, ulevi wa mtu aliyepata hela ghafla, vyote vimepigwa pasi. Hunter aliuchukua mwili akaufanya kielelezo cha maumbile. Mantel ameuchukua mwili huo huo akaufanya kielelezo cha taifa. Tofauti ni kubwa, najua. Mantel alimpa jina la O'Brien na hakudai kwamba amemfufua Byrne, na mwaka 2020, miaka miwili kabla ya kufa kwake, alisema hadharani kwamba mifupa irudishwe Ireland. Lakini kuna mahali kwenye riwaya nilihisi nimesimama mbele ya kabati jingine, zuri zaidi, lenye mwanga mzuri zaidi.

Labda nasema hivi kwa sababu ya Kalenga. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda Iringa kuandika habari za makumbusho ya Mkwawa. Fuvu limo kwenye kioo. Mkwawa alijiua 1898 asikamatwe, kichwa chake kikachukuliwa na Wajerumani, na Mkataba wa Versailles wa 1919, katika ibara ya 246, ukaitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo kwa Waingereza. Likarudi 1954, baada ya gavana Twining kwenda kulitafuta kwenye makumbusho ya Bremen, ambako lilichaguliwa miongoni mwa mafuvu mengine kwa kupimwa. Kwa kupimwa, elimu ile ile iliyojaza makabati. Niliporudi nyumbani nikafungua daftari langu: rangi ya mfupa, ukubwa wa kabati, mwanga wa dirishani. Mtu hakuwemo hata mstari mmoja. Aliyemrudisha mtu alikuwa mtembezaji wetu, aliyesimulia kwa nusu saa nzima kama vile vita vimeisha juzi, mpaka ukasahau kutazama kioo. Hiyo sikuiandika. Nilidhani si habari.

Wapo wenye hoja nzito upande wa pili, na si za kupuuza. Mwaka 1909 Harvey Cushing alilifungua fuvu la Byrne na kuona kwamba mahali pa tezi ya pituitari pamepanuka. Mwaka 2011 watafiti walitoa vinasaba kwenye meno yake, wakakuta kasoro ya jeni ambayo bado inapatikana kwa familia za kaskazini mwa Ireland, na leo watu wa familia hizo wanaweza kupimwa na kutibiwa mapema. Hilo ni jambo la maana. Ila mwaka huo huo Len Doyal na Thomas Muinzer waliandika kwenye jarida la BMJ kwamba vinasaba vimeshapatikana, basi mwacheni akazikwe baharini. Sijaona jibu linalonitosha.

Makumbusho yalifungwa 2017 kwa ukarabati, yakafunguliwa tena Mei 2023. Byrne hayupo kwenye maonyesho. Hajazikwa pia, kiunzi kimewekwa ndani, kwa ajili ya watafiti. Makumbusho yana picha ya Hunter iliyochorwa na Joshua Reynolds: amekaa, macho juu, anawaza. Tazama kona ya juu, upande wa kulia. Kuna miguu ya mifupa inaning'inia, imekatwa na fremu, mirefu kuliko inavyopaswa. Rangi zimefifia kwa miaka, na asiyeambiwa anaweza kupita bila kuiona.

Kitabu kitafuteni. Ni chembamba, hakichoshi, na kinachekesha kuliko nilivyokieleza hapa. Mimi nimeanza kuitafsiri sura ya kwanza kwa ajili yangu tu. Nimeandika "Jitu alisema". Dada yangu, mwalimu wa Kiswahili, ameipigia mstari mwekundu, kando akaandika "lilisema". Bado tunabishana.