Malkia Mgeni katika Mchezo wa "Henry VIII"

Katika mchezo wa "Henry VIII", ambao wataalamu wengi hukubali kuwa ulitungwa na Shakespeare pamoja na John Fletcher, na uliochezwa London mwaka 1613, hapana anayehurumiwa kuliko Catherine wa Aragon. Huruma hiyo ni haki yake; lakini yafaa kuchunguza watungaji waliipataje.

Catherine alizaliwa mwaka 1485, binti wa Isabella wa Castile na Ferdinand wa Aragon. Mwaka 1501 alikwenda Uingereza kuolewa na Arthur, mrithi wa ufalme, naye akafariki mwaka uliofuata. Mwaka 1507 baba yake alimfanya balozi wake huko huko. Mwaka 1509 akaolewa na Henry, nduguye Arthur. Henry alipokwenda kupigana Ufaransa mwaka 1513, alimwachia mkewe nchi, na wakati huo ndipo Waingereza walipowashinda Waskoti huko Flodden na kumwua mfalme wao. Mgeni alikuja, wenyeji wakapona.

Hayo hayakuonyeshwa, maana mchezo waanzia mambo ya mwaka 1520. Hata hivyo watungaji hawakumfanya malkia kuwa bubu. Aingiapo mara ya kwanza, anawatetea raia waliolemewa na kodi ya Kardinali Wolsey. Baadaye Wolsey anapomsemesha kwa Kilatini, anamtaka aseme Kiingereza mbele ya wajakazi wake. Catherine wa kweli alifundishwa Kilatini tangu utotoni. Kwa hiyo kukataa huko si ujinga, bali ni busara ya mtu asiyetaka shauri lake likatwe faraghani.

Kasoro iko penye wakati. Baraza la Blackfriars la mwaka 1529 limeelezwa karibu na historia: malkia anapiga magoti mbele ya mumewe, anajitaja kuwa mgeni asiye na mtetezi, anakata rufani kwa Papa, kisha anatoka wala harudi. Lakini mchezoni anafariki kabla ya kuzaliwa Elizabeth, aliyezaliwa Septemba 1533, ilhali Catherine alifariki Januari 1536. Miaka miwili na zaidi ya uhai wake imefutwa, na sababu yaonekana: mchezo wamalizika kwa furaha ya ubatizo wa Elizabeth, na furaha hiyo ingetiwa doa kama malkia wa kwanza angali hai.

Katika miaka iliyofutwa, Catherine aliamriwa ajiite mjane wa Arthur, akakataa mpaka kufa. Catherine wa mchezoni, akiwa mahututi, aomba azikwe kwa heshima ya malkia, huku akikiri kwamba umalkia amekwisha kuvuliwa. Yule wa kweli hakukiri hayo kamwe, naye akazikwa Peterborough kwa cheo kile kile alichokikataa.

Basi watungaji walimpa maneno mazuri kuliko wote, wakamnyima neno moja alilolishikilia. Mwanafunzi asiidhanie subira ya jukwaani kuwa ndiyo tabia nzima ya malkia huyo.