Nyonga Moja, Viungo Viwili

Istilahi mbovu katika uganga haimpotoshi msomaji tu, bali humwumiza mgonjwa. Mama wa Kisaki akisema zahanatini, "Nyonga yaniuma," na mganga akaandika "kiungo cha nyonga", tabibu wa Morogoro atachunguza kiungo cha paja. Kumbe huenda kasoro iko nyuma, pale sakramu inapokutana na iliamu. Viungo viwili havistahili jina moja.

Neno "kuteguka" nalo halifai hapa. Kiungo hiki husogea kwa digrii chache tu: nyuso zake zenye mabonde na vilima hushikana, kano nene za nyuma huzifunga, na misuli huzibana. Wakati wa mimba kano hulegea. Basi "kulegea" ni neno la haki, ila mgonjwa asiambiwe kwamba mfupa umetoka mahali pake.

Wala jaribio moja la kubana au kusukuma lisiitwe "uthibitisho". Huaminika zaidi majaribio kadhaa yanapoamsha maumivu yale yale.

Napendekeza "kiungo cha sakramu na iliamu". Jina ni refu, lakini halidanganyi. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, halina budi kulipima pamoja na waganga kabla ya kulisanifisha.